Haja Yangu kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 1 Septemba 1986. Shella, Malindi.

Nakiri mapema, maana jana daktari aliupima moyo wangu kisha akanitazama kama mtu anayeaga. Nina siri. Nimemficha mke wangu Mahfudha. Nafanya njama ya kwenda haja peke yangu.

Anayecheka na acheke. Mimi ni Mwalimu Seif. Jiografia. Nimewachorea watoto wa watu ubaoni jinsi maji ya bahari yanavyojaa na kupwa mpaka chaki ikanimaliza kifua. Kisha nikapiga mbizi gatini maji yakiwa yamekupwa! Sababu? Shemeji yangu Athman, kaka yake Mahfudha, alisema nimezeeka. Shingo ikavunjika. Miguu ikafa. Mikono ikabaki nusu: mabega yapo, viwiko vinakunjika, vidole havishiki. Nikiinua kifundo cha mkono, vidole hujikunja vyenyewe na kubana kitu chepesi. Kalamu hii nimefungiwa kiganjani kwa kipande cha leso.

Matumbo nayo hayasikii amri. Yanangoja kuamshwa. Asubuhi moja ndiyo, moja siyo, baada ya chai, Mahfudha hunilaza ubavu. Hutia dawa nyuma. Hungoja. Kisha kidole chenye glavu na mafuta hukizungusha taratibu mpaka njia ifunguke. Tukichelewesha, kichwa hugonga, jasho hunitoka usoni, presha inapanda. Daktari kasema presha ya namna hiyo huua.

Sasa mambo yamekuja hivi. Binti yetu Shekha yuko Kilifi, mimba ya kwanza, siku zinakaribia. Mzazi hulelewa na mama yake mpaka arobaini iishe. Mahfudha kasema haendi. Nani atamshughulikia Mwalimu? Athman kajibu: mimi. Kapandisha na mikono ya kanzu!

Bora presha.

Jumatano, 3 Septemba.

Nimemwita Garama seremala, mtu wa Tezo, mwenye karakana karibu na soko. Nataka fimbo. Urefu wa kutoka kiwiko hadi kiganja. Ncha ya mviringo, imepinda kidogo, laini, yenye kishimo cha kukalia dawa. Upande wa pili matundu ya kupitisha mkanda, ifungwe kiganjani.

Kauliza ya nini. Swali la haki. Sikuwa nimeandaa jibu. Msomi mzima! Nikasema ya kukorogea. Kukorogea nini? Uji. Garama kanitazama vidole, katazama mlango wa jikoni, katabasamu. Kasema, kumbe wazee nanyi mna mapenzi.

Sikumwelewa. Laiti ningemwelewa.

Ijumaa, 5 Septemba.

Msiba! Garama kaleta fimbo nikiwa nimesinzia. Kampa Mahfudha mkononi. Kamwambia, Mwalimu kakuagizia mwiko, nami nimekuongezea nakshi ya maua.

Mahfudha kaingia chumbani machozi yanamlengalenga. Kasema tangu nimuoe sijamletea chombo cha jikoni, ni vitabu tu na ramani. Kauliza kishimo cha nini. Kajijibu: cha kuonjea mchuzi. Na matundu? Ya kutundikia ukutani. Kasema mume wangu ana akili, watu hawajui tu.

Nikasema naam. Ningesema nini?

Mchana kapika pilau kwa fimbo yangu. Athman kaja baada ya sala ya Ijumaa. Kala sahani mbili. Kaulamba mwiko. Kaulamba! Kasema, shemeji, leo umekuwa mume. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, Mahfudha kaja kuninyoosha mgongo. Fimbo ilikuwa bado safi, sijaitumia hata mara moja. Furaha yangu haikupungua kwa hilo.

Jumapili, 7 Septemba.

Garama kaitwa tena. Fimbo ya pili, nikamwambia, bila maua, na aniletee mimi mwenyewe. Kauliza na hii ya nini. Nikasema ya kukunia mgongo. Kasema, Mwalimu, mgongo wako si hausikii? Mwaka juzi si nilikuchoma sindano mwenyewe nione kama unasema kweli? Simpendi mtu mwenye kumbukumbu.

Basi nikamwambia kweli, kwa sauti ya chini. Kakuna kichwa. Kafikiri. Kisha kauliza pole pole: kwa hiyo shemeji yako juzi alilamba... Nikamwambia ile ni safi! Masikio yake hayakunisikia tena. Kaketi sakafuni kacheka kofia ikaanguka. Kaapa hatasema kwa mtu. Alipofika uani nikamsikia anaanza upya.

Jumanne, 9 Septemba.

Fimbo haijaja. Sina subira. Nikakata shauri kuyarahisishia matumbo kazi mapema. Jirani yetu Bi Nana kaniletea sanamaki, dawa ya kuendesha. Nilimwambia kwamba Mahfudha ndiye tumbo limemfunga. Mwongo wa kweli hatumii jina lake. Bi Nana kasema nusu kikombe, kisha mtu asitoke nyumbani.

Nikapiga hesabu ya kisomi. Nusu kikombe ni kwa mtu ambaye matumbo yake yanasikia. Yangu ni viziwi. Basi nikanywa vikombe viwili.

Alasiri wakaja wazee wa msikitini kunijulia hali, Athman mbele. Kaketi kando ya kitanda kama mganga mkuu. Kawaeleza jinsi atakavyonitumikia Mahfudha akisafiri: yeye haoni kinyaa, shemeji ni shemeji, atafanya kila kitu. Kila kitu! Wazee wakamwombea baraka. Mimi jasho lilikuwa limeshaanza usoni.

Kisha harufu. Mzee mmoja katazama dari. Mwingine kazidisha dua. Athman kauliza kama kuna paka aliyefia uvunguni.

Mahfudha kaingia, kanusa mara moja, kasema, jamani, mgonjwa ataka kulala. Kawatoa wote. Athman kasema, mimi nibaki nijifunze. Mahfudha kasema, wewe hasa toka.

Kaniinua kukaa mpaka kichwa kikatulia. Kanilaza ubavu, kaniosha, kabadili shuka, kaniosha tena. Nilidhani kakasirika. Niliogopa. Halafu nikahisi kitanda kinatikisika. Anacheka! Kasema uso wa Athman alipomtafuta paka atakufa nao. Kisha kaanza habari za bibi harusi wa mtaa wa pili aliyesusa kushuka garini kwa sababu mashoga zake wamevaa leso moja na yake.

Ndivyo ilivyo siku zote. Mimi nimetazama ukuta, yeye nyuma yangu na habari za mji. Nani kaposa, nani kanuna, nani kapika biriani mbichi. Mambo ya Shella nayajua kuliko mzee wa mtaa, na yote nimeyapata nikitazama ukuta.

Jumamosi, 13 Septemba.

Alhamdulillahi! Andikeni tarehe hii mahali!

Fimbo ya pili ipo tangu juzi, haina ua hata moja. Leo Mahfudha kaenda sokoni. Chai ya moto kwanza. Kiti cha tundu ninacho siku nyingi, na ubao wa kutelezea kutoka kitandani. Nikahama kidogo kidogo. Nikaegemeza kifua mbele juu ya mto, kioo nimekilaza chini nione niendako. Nikaifunga fimbo kiganjani kwa meno.

Dawa ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikaanguka ikabingirika uvunguni. Ya tatu ikaingia! Nikangoja, nikisugua tumbo kwa ubapa wa mkono. Kisha fimbo yenyewe, glavu juu yake, mafuta mengi. Zungusha kidogo, pumzika, zungusha. Taratibu, maana huko sisikii, na asiyesikia anaweza kujichana akabaki anapiga mluzi.

Kisha ikaja. Yote. Kama mwanafunzi mtiifu.

Maji kwa birika la mdomo mrefu, mpini nimeutia kifundoni. Nimejitawaza mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya gati. Nilibaki pale kitini nalia kama mtoto, na sikuwa na haraka ya kunyamaza.

Mahfudha kanikuta hivyo. Kadondosha kikapu, kadhani nimeanguka. Nikamwambia. Kaketi kitandani na buibui lake. Kauliza, peke yako? Peke yangu. Kaomba kuiona fimbo. Kaigeuza huku na huku. Kasema, mbona yafanana na mwiko wangu?

Nikakiri hilo pia. Nilijitayarisha kwa chozi. Kasema, na Athman alilamba. Kisha tukacheka wote wawili mpaka Bi Nana kagonga ukuta kuuliza kuna nini. Mahfudha kasema hatamwambia kaka yake kamwe, na Ijumaa atampikia pilau nyingine.

Kasema pia kwamba ataenda Kilifi. Nilipata nilichokitaka. Nilikitaka kweli.

Jumapili, 28 Septemba.

Shekha kajifungua Ijumaa, mtoto wa kike, wazima wote wawili. Mahfudha kaondoka siku ileile na tangawizi, pilipili manga na mizigo ya mtu anayehama nchi.

Athman analala barazani. Kazi yake kuleta maji na kumwaga ndoo. Kila siku ya haja anabisha hodi: shemeji, msaada? Namwambia la. Namsikia anavyovunjika moyo. Raha isiyosemeka!

Nafanya vizuri sasa. Dawa haianguki. Lakini chumba kimya. Leo nilimwambia Athman asimame nje ya mlango anipe habari za mji. Kasema samaki changu wameadimika. Nikauliza, na nini tena? Kasema, na tafi.

Jumapili, 9 Novemba.

Mahfudha karudi juzi. Arobaini imekwisha, mjukuu ana mashavu. Athman kanitolea ushahidi mbele yake kwamba sikumhitaji hata mara moja. Kasema kwa huzuni, lakini kasema. Mahfudha kaniwekea mkono kichwani. Kasema Kilifi nzima amewaambia mumewe anajiweza.

Baadaye Athman kabaki nami. Kasema ameona nilivyokuwa nikimwuliza habari. Kasema, mwombe tu mkeo aketi akusimulie, si lazima kuwe na sababu. Mawazo ya karani mstaafu! Mwalimu mzima amwombe mkewe umbeya? Kwa maneno gani?

Leo asubuhi, baada ya chai, Mahfudha kauliza kama anisogezee kiti. Nikabana kifundo cha mkono kifuani. Nikakunja uso. Nikamwambia tangu jana kinaniuma, fimbo haishikiki. Kasema, maskini, umejichosha. Kaleta glavu na mafuta. Kanilaza ubavu, nikautazama ukuta. Kavuta pumzi, kaanza na mama mkwe wa Shekha, aliyetaka mtoto apewe jina la mkewenza wake wa zamani ili amkomoe mumewe. Hatukumaliza. Itaendelea keshokutwa, na keshokutwa nafikiria kuumwa bega.

Daktari kasema moyo hauna muda. Kwa hiyo naandika, isije ikapotea nami.

Mkono hauumi.