Taka Zilizoharibiwa

Serikali ilitangaza, kwa vipaza sauti na furaha isiyo kifani, kukamilika kwa Kiwanda cha Kugeuza Taka kuwa Rasilimali. Kilikuwa na mashine mpya, walinzi, na idara nzima ya kupiga picha. Kilichopungua ni taka tu.

Katibu wa kiwanda, kijana aliyeamini kila tangazo alilolipiga chapa, alitumwa mtaani kuzitafuta. Alirudi mikono mitupu.

"Zimekwenda wapi?" mkurugenzi aliuliza.

"Kwa shangazi yangu, mkuu. Anayeyusha mifuko ya plastiki, anachanganya na mchanga, anafyatua matofali ya kutandika njia. Hata ya hapa getini ni yake."

Mkurugenzi alishika kichwa. "Yaani huyo mama anahujumu sekta nzima ya taka!"

Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikaamua: matofali yale ni taka zilizoharibiwa, na lazima yarejeshwe katika hali yake ya awali. Karakana ya shangazi ifungwe. Katibu alipeleka amri mwenyewe, miguu mizito, maana karakana ile ndiyo iliyomsomesha.

"Shangazi, ni kwa ajili ya maendeleo."

"Maendeleo gani, mwanangu, yanayoanza kwa kunizimia moto?" Akamsogezea kigoda. "Hebu kaa. Umekonda. Hao wakubwa zako wanakulisha hotuba?"

Hata hivyo, matofali yaling'olewa, yakasagwa, yakamwagwa mtaani ili yaokotwe rasmi. Ya getini nayo hayakuonewa huruma. Sheria ni msumeno.

Siku ya uzinduzi mvua ilinyesha. Gari la waziri lilizama getini. Waziri akashuka kwa heshima zote, na tope likamvua kiatu.

"Nani kang'oa njia hapa?"

Mkurugenzi alimnyooshea katibu kidole.

"Aliyeamuru ni yeye, mheshimiwa," katibu alisema, akimrudishia mkurugenzi kidole. "Na aliyeitandika ni shangazi yangu. Tumemfungia karakana."

"Ifunguliwe leo hii!" Waziri alisimama kwa mguu mmoja, akamgeukia mkurugenzi. "Na huyu sasa, tumpeleke wapi?"

Shangazi, aliyekuwa amekuja kujionea, alimpima mkurugenzi kwa macho, juu mpaka chini, kama anavyopima mfuko uliochanika.

"Niachieni mimi," alisema. "Sijawahi kutupa kitu."

Jumatatu mkurugenzi alionekana karakanani akichekecha mchanga, na si vibaya hata kidogo. Kiwanda kikatoa taarifa ya mafanikio yake ya kwanza.