Kipande cha Jezi ya Komeo

Jumatatu, 6 Mei

Tumefungwa tena. Nne bila. Sina hamu ya chai, sina hamu ya kazi, na mzigo wa jezi chafu umeshatupwa kibandani kwangu kama kila Jumatatu. Unanuka jasho la watu walioshindwa.

Naandika maoni yangu hapa kwa kuwa nje hakuna anayetaka kuyasikia. Winga wa kushoto ana mbio, lakini akifika kwenye kona husimama kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Mshambuliaji wetu tunamwita Mstaafu. Jana alipiga shuti moja tu lililolenga kitu, likampata refa. Beki wa kati ni mzuri akiwa amekaa.

Na kipa! Kipa ni Chujio. Jina nimempa mimi. Ni mdogo wake mke wangu. Anaishi kwangu, anakula kwangu, na kila Jumapili anapitisha kila kitu. Mke wangu amesema nikimwita hivyo tena mbele ya majirani nitajipikia mwenyewe. Kwa hiyo namwita hivyo moyoni.

Zimebaki mechi mbili. Tusiposhinda zote tunashuka daraja. Fundi viatu wa kibanda cha jirani, anayejiona yeye ndiye aliyeuleta mpira duniani, amesema kwa sauti kubwa kwamba tatizo ni jezi kubana. Jezi nashona mimi. Nimejitia hamnazo mbele ya mteja, lakini roho imeniuma kutwa.

Jumanne, 7 Mei

Leo Kocha ameniletea jezi ya Komeo, mwenyewe, mkononi, imefungwa kwenye shuka.

Komeo alikuwa kipa wetu zamani. Akishafunga, hapiti mtu, ndiyo maana wakamwita hivyo. Homa ilimchukua siku moja kabla ya mechi ya mwisho ya msimu, na mechi ile hakuicheza. Tangu hapo jezi yake ya kijani inaning'inia kwenye msumari katika chumba cha kubadilishia nguo. Kila mchezaji huigusa mkono kabla ya kuingia uwanjani. Hakuna aliyewahi kuivaa. Sasa nondo wamekula kola, na Kocha amenisihi niitengeneze taratibu na niirudishe kesho kutwa.

Nimeikunjua mezani. Ilikuwa mchana, jua la kuchoma, bati la kibanda linatoa mlio kwa joto. Jezi ilikuwa ya baridi. Nikaitoa nje, nikaianika juani hadi kivuli kikafika mlangoni. Bado ya baridi.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Fundi viatu na soli zake atanikoma.

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya. Nimekata kipande cha upindo wa ndani wa jezi ya Komeo, upana wa kiganja, na pengo nimeliziba kwa kitambaa kipya cha rangi ileile. Hata mama yake Komeo hawezi kutambua. Kipande nimekishona ndani ya jezi ya Chujio, mgongoni, nyuma ya namba moja. Nimeshona kwa mkono. Cherehani iligoma, ikanivunjia sindano zote nzuri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria yake: nguo ya marehemu hufuliwa kwanza, kisha ndipo mkasi uiguse. Mambo ya watu wa kizamani. Nikifua si nitautoa umahiri wenyewe?

Jambo moja dogo. Nilipokata uzi wa mwisho nilisikia mlango ukigongwa, mwimo wa kushoto, kisha wa kulia, taratibu. Nikatoka. Hakuna mtu. Nikamuuliza fundi viatu nani kapita. Akasema hajapita mtu tangu saa sita, akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 12 Mei

Tumeshinda! Moja bila. Mstaafu amefunga kwa goti bila kukusudia, lakini goli ni goli.

Sasa niandike kuhusu kipa. Alipoingia langoni aligonga mlingoti wa kushoto, kisha wa kulia. Wazee wote wa upande wetu wakatazamana. Ndivyo Komeo alivyokuwa akifanya kila mechi, na huyu kijana wakati huo hata hajazaliwa. Nikamsikia mzee mmoja nyuma yangu akisema anataka kurudi nyumbani.

Shemeji hakuruka hata mara moja. Alikuwa ameshafika. Mshambuliaji wao anainua mguu, naye tayari amesimama pale mpira utakapokuja, mikono mbele, anamtazama kwa upole. Kipindi cha pili yule mshambuliaji aliomba atolewe. Nilimwona kwenye benchi amejifunika taulo usoni.

Filimbi ya mwisho ilipolia watu walitoka kimyakimya kama wanaotoka mazikoni. Fundi viatu peke yake alikuwa na maneno. Anatangaza mtaa mzima kwamba siri ni soli alizombandikia kipa. Soli! Nimejing'ata ulimi.

Jumatatu, 13 Mei

Shemeji hajavua jezi. Mke wangu alimwambia aitoe ifuliwe, akajibu kwa adabu kwamba anasikia baridi. Huyu ni kijana aliyezoea kushinda kifua wazi hadi majirani wakalalamika.

Anagonga miimo yote miwili kila anapoingia ndani. Kiti chake amekigeuza kiutazame mlango. Wakati wa chakula kikombe kilimponyoka mke wangu. Hakikufika chini. Kilikuwa mkononi mwa shemeji, na shemeji alikuwa upande wa pili wa meza. Mke wangu hakumshukuru. Alibaki kuiangalia ile mikono.

Jina lake haliitikii tena. Wiki iliyopita alikuwa akimwita mke wangu dada. Leo anamwita mama mwenye nyumba, kama mpangaji. Mimi ananiita bwana mdogo. Nina miaka arobaini na sita!

Maoni yangu: kila kipa bora ana vituko vyake.

Jumanne, 14 Mei

Baada ya chai shemeji alitoka bila kuaga. Nikamfuata, futikamba shingoni, ili nikionekana nionekane niko kazini. Alikata kona bila kuuliza njia, akafika kwenye nyumba ambayo najua hajawahi kukanyaga. Ni ya mama yake Komeo, bibi wa siku nyingi ambaye macho yamemwishia.

Akagonga mwimo wa kushoto, kisha wa kulia. Bibi hakuuliza ni nani. Alisema kutoka ndani kwamba mlango uko wazi, na mbona amekawia hivyo.

Nilijibanza dirishani. Bibi alimpapasa uso taratibu, akasema uso sio. Kisha akamshika mikono. Akasema mikono ndiyo. Alilia kidogo, kwa furaha, akamsogezea kiti, na wakakaa pale wameshikana mikono hadi mchana.

Nilikuwa nanyata niondoke shemeji aliposema, bila kugeuka wala kupaza sauti, kwamba kola nimeitengeneza vizuri, bwana mdogo, ila pale chini panaingia upepo.

Sikumwambia mtu yeyote nimekata wapi.

Alhamisi, 16 Mei

Mke wangu ameniuliza nimemfanyia nini mdogo wake. Nikasema simo. Akasema ananijua, na nikisema simo ujue nimo hadi shingoni. Nikamwaga yote.

Nilitegemea makelele. Hakupiga makelele. Alikaa kwenye ndoo akasema kwamba mama yao alipofariki yeye ndiye aliyembeba huyu mtoto mgongoni, akampeleka shule mgongoni, akacheza naye mpira wa matambara naye akiwa mgongoni. Akasema anamtaka. Hataki kipa. Anamtaka yule yule anayeacha viatu katikati ya njia. Nilijisikia vibaya sana, vibaya kweli, na nikamwahidi kwamba nitafumua.

Baada ya Jumapili.

Nimemweleza kwa hesabu ya kueleweka kabisa kwamba mechi ni moja tu, na daraja likishapotea halirudi upesi. Ameingia chumbani akafunga. Amejaribu mwenyewe kumvua shemeji ile jezi. Anasema haivuliki, na mgongo wake ni wa baridi kama sakafu.

Jumapili, 19 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Mapumziko tulikuwa tunaongoza moja bila. Penalti yao aliidaka kwa mkono mmoja, na wenzake wote walikuwa wakicheza mbali naye, hakuna aliyetaka kumkaribia. Hata beki wa kati alikimbia, jambo ambalo sijapata kuliona.

Nikaingia chumba cha kubadilishia nguo. Alikuwa amekaa peke yake chini ya ule msumari. Mke wangu akaingia nyuma yangu na wembe kutoka kwenye mkebe wangu wa vifungo. Kocha alitutazama, akasema anakwenda kutafuta maji, akaingia mitini.

Shemeji akatuambia kwa utulivu kwamba tusihangaike. Yeye alitaka mechi hii moja tu, ile aliyokosa. Filimbi ikilia ataondoka zake. Kijana amechoka, ataondoka naye, maana njia ni ndefu na hapendi kutembea peke yake.

Hapo lazima nijitetee. Sikukataa kufumua. Nilimuuliza tu kama haiwezekani acheze kwanza kipindi cha pili, halafu suala la kijana tulizungumze kiungwana.

Mke wangu alinitazama. Sitaandika alivyonitazama.

Alimgeuza mdogo wake ukutani, akaanza kufumua, uzi mmoja mmoja, huku akimwita kwa jina la utotoni. Shemeji hakupigana naye. Aliinamisha kichwa tu, akasema kimebaki kipindi kimoja, mama, kipindi kimoja. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayeomba. Nilimhurumia Komeo. Nilimhurumia zaidi ya nilivyomhurumia shemeji yangu, na hilo mke wangu asilijue.

Kipande kikatoka. Jezi ya Komeo ukutani ikacheza, na dirisha lilikuwa limefungwa. Shemeji akatetemeka mwili mzima, akageuka, akamwita dada. Akauliza leo tunacheza na nani.

Tumefungwa nne moja. La kwanza lilipita katikati ya miguu yake. Uwanja mzima ulizomea, isipokuwa mtu mmoja. Mke wangu. Kila goli lililoingia alirukaruka na kupiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Tumeshuka daraja.

Jumanne, 21 Mei

Shemeji ameacha mpira. Hakumbuki chochote cha wiki nzima, ila anasema aliota amesimama mahali penye giza, mbele ya mlango, na mtu fulani amemzibia. Anakula vizuri. Viatu vyake viko katikati ya njia. Nimejikwaa mara mbili na mke wangu amecheka.

Ameanza kujifunza kazi. Kwa nani? Kwa fundi viatu! Huo ndio usaliti wenyewe.

Mke wangu ameniagiza nikifue kile kipande, nikirudishe kwenye jezi ya Komeo, kisha niende kwa yule bibi nimwombe radhi. Bibi hakunigombeza. Aliuliza tu kama nimerudisha chote. Nikamwambia ndiyo.

Karibu chote.

Jumatano, 22 Mei

Nimefikiri kwa kina. Kosa halikuwa wazo. Kosa lilikuwa kipimo. Upana wa kiganja ni mwingi mno, hasa kwa kijana asiye na msimamo. Fundi yeyote anajua kitambaa kikizidi nguo inakwenda kombo.

Na timu haina kipa. Msimu ujao tutaanza kupanda upya, na Kocha anatafuta. Nani anaujua mpira kuliko mimi? Nani ameona makosa ya makipa wote wa timu hii tangu utoto wake? Goti langu la kulia ni bovu, sawa, lakini Komeo hakuwa mtu wa kuruka.

Kipande nilichobakiza ni kidogo kama kucha. Sijakifua. Nimekishona leo kwenye kiuno cha suruali yangu, ndani, mahali ambapo hakuna wa kuona. Mtu mzima mwenye akili zake hawezi kusumbuliwa na uzi kidogo. Kesho naenda kumwona Kocha. Natamani kuiona sura ya fundi viatu.

Alhamisi, 23 Mei

Nimeamka na baridi kidogo. Si kitu.

Birika liliteleza mezani nyuma yangu. Nililidaka bila kugeuka, na hata tone la chai halikumwagika. Safi sana. Kocha amekubali nijaribiwe Jumamosi. Alipokuwa akinipa mkono aliurudisha haraka, akaupangusa kwenye shati.

Mama mwenye nyumba ameniuliza kwa nini nimegonga miimo ya mlango. Sikumbuki kugonga. Anatafuta wembe wake kila mahali na hauoni. Nimeuweka juu, asikofikia.

Goti la huyu fundi ni bovu kweli, lakini mikono yake ni mizuri, mikono ya kazi. Tutazoeana. Kimebaki kipindi kimoja tu.