Namtafutia Edimu Abiria

Jumatatu, 20 Machi 1961
Basi la Tororo limechelewa tena. Limeingia Busia jioni, limejaa kuku. Abiria wa kwenda Sikuda wote wamekimbilia baiskeli ya Edimu, mwenzangu wa kazi. Keria yake ameifungia mto wa pamba wenye maua. Yangu ina gunia. Mto wa maua kwa mwanamume! Lakini mama mmoja alipokalia alifumba macho kwa raha, nilimwona.

Abiria si kitu. Shida ni Alupo. Mimi nimepeleka posa kwa baba yake, mzee Emuron, na Edimu naye amepeleka. Mzee amesema atachagua mmoja wetu kabla ya Pasaka.

Jumanne, 21 Machi
Akili imenijia nikiziba pancha. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hata njia moja hawapiti. Ukiambiwa anakuja, unaingia porini. Mimi nimeingia porini mara nyingi kwa heshima ya mama yake Alupo, mara moja juu ya siafu. Basi Edimu akimpakia mama huyo, naye akamshika kiuno mpaka Sikuda, posa yake imekufa. Nimecheka peke yangu hadi dada yangu Benedeta akauliza kama nina malaria.

Kasoro ni moja. Kwa heshima hiyohiyo, sura ya mama siijui. Edimu naye hamjui, na hapo ndipo ulipo uzuri wa mpango wenyewe.

Benedeta amesikia sokoni kwamba mama anaitwa Amuge, na Alhamisi atarudi na basi kutoka kwa ndugu zake Tororo.

Alhamisi, 23 Machi
Mvua tangu asubuhi. Wameshuka wanawake wawili wa Sikuda. Mmoja mkali, anamgombeza utingo juu ya kikapu chake, anamwamuru dereva asubiri. Mwingine mpole, anamwomba radhi kila anayemkanyaga. Sikupoteza muda. Mama mkwe nani kama si yule mkali? Nikamwambia baiskeli ya Edimu ndiyo yenye mto laini kuliko zote mpakani. Akapanda bila kuaga. Edimu akanishukuru, maskini.

Nikabaki na mpole. Nilikuwa na furaha, nikampakia kwa adabu zote. Kwenye mteremko nikamwambia anishike kiuno asianguke. Kwenye kinamasi tukakuta maji yamechukua magogo ya kuvukia. Mtu mwingine angemwacha hapo. Mimi nikambeba mgongoni, kisha nikarudi kuchukua baiskeli. Akasema, "Mutoto yangu, wewe nabeba mutu kama yai." Nilijisikia mtu mkubwa.

Akanielekeza kushoto, kushoto tena, mpaka uani kwa mzee Emuron. Alupo akatoka na ungo wa wimbi. Akasema, "Mama." Halafu akaniona, ungo ukamdondoka.

Nimeruka ua wa minyaa. Baiskeli imebaki huko.

Ijumaa, 24 Machi
Nimelala kutwa. Benedeta ameleta habari bila kuulizwa. Yule mkali ni Ariokot, dada yake mzee Emuron, na katika ndoa za nyumba ile neno lake ndilo la mwisho. Anasema tangu azaliwe hajakalia kitu laini kama mto wa Edimu.

Jumapili, 26 Machi
Baada ya ibada ya Matawi nimeitwa kikaoni kwa mzee Emuron. Nimejitetea kwamba ni mvua. Mzee mmoja akauliza kama mvua ndiyo iliyomshika mama kiuno. Nikasema hakushikwa yeye, alishika yeye. Hilo halikunisaidia.

Wakataka mbuzi wa kuondoa aibu. Hapo Amuge akasema kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, maana bado alikuwa ananistahi. Akasema hataki mbuzi. Amezaa mabinti watupu, na aliyemvusha maji mgongoni ni mwanawe. Wazee wakaitikia kwa furaha. Nami nikaitikia, machozi yananilenga, nikijua nimepona. Ndipo mzee Emuron akaeleza taratibu kwamba mwana wa nyumba haoi dada yake.

Amuge akatoka, akanikumbatia. Alupo akaniletea maji ya kunawa, akaniita kaka. Nikanawa. Nimeumia, sitajidanganya humu ndani. Nimeumia sana.

Jumapili, 2 Aprili, Pasaka
Edimu amepewa Alupo. Mimi, kama mwana mwema, nimempeleka Mama Amuge kanisani bila nauli. Edimu alipotuona njiani akaingia porini na suti yake mpya. Yalikuwa matope tu, siafu hawakuwepo. Siku hazifanani.

Kanisani nimemwona Mable, binti kutoka Nabuyoga, anaimba sauti ya pili. Sijapata kuona shingo kama ile. Kumbe Okochi, huyu wa baiskeli anayesubiri basi karibu nami, ameshapeleka posa. Nimetulia, nikafikiri. Nimeuliza, nikaambiwa mama yake Mable atashuka na basi Jumatano. Sura yake siijui, lakini mama mkwe hajifichi, anajulikana tu. Nimeshamwambia Okochi aoshe keria, nitamtafutia abiria.