Gundi ya Kufumba na Kufumbua

Haraka haraka ina baraka zake, mradi anayeharakishwa awe mtu mwingine. Wahenga waliosema kinyume hawakuwahi kusimama kwenye njia panda ya mafundi baiskeli jua likiwa utosini, wakamwangalia mteja anayesubiri gundi ikauke.

Kinanda alisimama, akaangalia. Jina hilo alipewa kwa ajili ya sauti yake: akikusalimia tu, mkono wako unaanza kutafuta mfuko bila kukuuliza. Mbele yake fundi alikuwa amepaka solusheni, ile gundi ya mpira, kwenye tyubu iliyotoboka, na sasa anaipepea kwa kipande cha boksi. Mteja anatazama jua. Fundi anagusa gundi kwa mgongo wa kidole. "Bado." Mteja anasonya. Fundi anapepea.

"Hapa," Kinanda alijiambia, "nimeandaliwa mezani."

Tena alikuwa na sababu ya kula upesi. Wiki iliyopita aliwauzia mafundi viatu wa mtaa wa chini dawa ya viatu aliyoipika mwenyewe kwa masizi na mafuta ya kula. Iling'aa ajabu, mpaka bwana harusi mmoja alipolikanyaga gauni la bibi harusi. Tangu hapo mkuu wa mafundi viatu, pande la mtu liitwalo Nyundo, alikuwa akimtafuta ili wazungumze, na Nyundo hakuwa mtu wa maneno mengi. Kinanda alitakiwa kuuhama mji, na si kwa miguu. Utapeli wa miguu una mwisho wake; hufika mahali mapafu yakagoma.

Asubuhi iliyofuata alirudi na katoni ya vichupa visivyo na karatasi. Ndani mlikuwa na ile gundi ya kuungia plastiki, inayokunasa vidole kabla hujarudisha kizibo. Karatasi zake alikuwa amezibandua kwa maji ya moto, kwa upole, kama anayemvua mgonjwa bandeji.

"Mafundi wangu!" alipaza sauti. "Mtapepea maboksi mpaka lini? Nyie ni mafundi au feni?"

Wakacheka. Mtu akicheka, nusu ya kazi imekwisha. Kinanda alidondosha tone moja kwenye tyubu, akabandika kiraka, akabonyeza, akajaza upepo, akaizamisha ndani ya beseni la maji. Hakuna hata povu moja.

"Kufumba na kufumbua," alisema. "Anayetaka kusubiri, akasubiri mvua."

Ukweli, ambao Kinanda aliuacha nyumbani ukiwa umelala, ni kwamba gundi ile ikikauka huwa ngumu kama ukucha. Ndani ya beseni tyubu haina shida yoyote, inaogelea tu. Iweke ndani ya tairi, apande mtu na makalio yake, mpira unajikunja, gundi inapasuka. Lakini pale njia panda hakimu alikuwa beseni. Likinyamaza, kesi imekwisha.

"Katoni yote naichukua mimi."

Aliyesema ni mama fundi mwenye mwavuli mkubwa kuliko yote pale, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, apende asipende.

"Shangazi, na sisi je?" mafundi walilalamika.

"Nyie mtanunua kwangu. Mlikuwa mnacheka, mimi nilikuwa nafikiri."

Kinanda aliipenda tamaa ile kama mtu anavyoupenda mlango ulioachwa wazi.

"Ila sina taslimu," Shangazi aliendelea. "Nina ile." Akaelekeza kidole kwenye baiskeli nyeusi, kiti kipana, kengele inang'aa.

Moyo wa Kinanda uliipanda ukaondoka nayo. Mwili ukabaki kupatana bei. "Ya zamani ile, Shangazi."

"Na wewe ni wa mwaka huu? Chukua au acha."

Wakapeana mikono mbele ya watu. Kinanda aligeuka, akashika usukani, akaona. Tairi la nyuma lilikuwa limelala chini, bapa kama ulimi wa mbwa.

"Jamani, pole mwanangu! Pancha. Lakini una bahati, umepata pancha penye mafundi." Tayari Shangazi alikuwa ameshaitoa tyubu. Mkono mmoja ulishika kichupa cha Kinanda, mwingine mkebe wake wa solusheni. "Nikubandikie kwa ipi?"

Mafundi wakasogea karibu. Akisema solusheni, ameikana gundi yake mbele ya wanunuzi. Akisema yake, loo.

"Hiyo ni mali yako sasa," alisema kwa unyenyekevu wa mtu aliye kanisani kwa mara ya kwanza. "Usiimalize kwa ajili yangu. Solusheni inanitosha."

"Mpishi asiyeonja chungu chake ana lake jambo," fundi mmoja alidakia.

"Halafu solusheni ni ya kusubiri," Shangazi akaongeza. "Au huna haraka?"

Kinanda alitupa jicho mtaa wa chini. Akapima kichwani: kupandisha mpaka kwenye kona, kisha mteremko, kisha kituo cha mabasi. Ingeweza kushika.

"Yangu," alisema, na safari hii kinanda kilitoa sauti ya filimbi.

Tone, kiraka, beseni. Kimya. Wakapiga makofi. Kinanda aliondoka ameinua makalio juu ya kiti kama mtu aliyekalishwa juu ya mayai, akapita kona, na ndipo aliposikia chini yake *tsss*, ndefu na yenye dharau. Papo hapo, akipandisha mlima kwa miguu huku akijifuta mikono, akatokea Nyundo.

Nyundo hakumtazama Kinanda. Alitazama kengele.

"Hiyo si baiskeli yangu? Niliiacha kwa Shangazi."

Kisha akamtazama Kinanda.

Mazungumzo yalikuwa mafupi. Nyundo alitoa mfukoni kopo la ile dawa ya viatu, akampaka Kinanda kuanzia paji la uso mpaka shingoni, akamsugua kwa brashi kwa ufundi wote wa kazi yake, kisha akamwamuru aikokote baiskeli mpaka njia panda.

"Karibu, Nyundo," Shangazi alisema bila kushtuka. "Kijana alikuwa ananijaribia. Kaa, naibandika kwa solusheni. Utasubiri kidogo."

"Nasubiri," alisema Nyundo.

Shangazi alianza kuikwangua tyubu kwa msasa. Pembeni yake mafundi walikuwa wanapanga foleni kununua vichupa, kwa ajili ya mipini ya pampu na vioo vya taa vilivyovunjika. Kwa plastiki gundi ile haikuwa na mpinzani.

"Ulijua," alisema Kinanda, meno tu yakionekana.

"Tangu ulipofungua kizibo. Nilinusa."

"Na baiskeli haikuwa yako!"

"Haikuwa."

"Na ile pancha?"

"Msumari wangu. Ulitaka nikuache uyoyome na mali ya mteja?"

"Wewe ni tapeli kuliko mimi! Niombe radhi, mama, mbele ya watu hawa hawa."

Shangazi alipuliza vumbi la mpira, akamtazama juu mpaka chini.

"Mimi nimepata katoni, Nyundo kapata baiskeli yake, wewe umepata kung'aa. Radhi siombi."