Santuri ya Mtani

Jumatatu, 5 Julai 1993
Biashara huria imenifikia hata mimi. Mholanzi mmoja amefikia hotelini Mikumi, anatafuta santuri za zamani, ngoma za asili zilizochanganywa na magitaa ya kupagawisha. Akizipata anazichapa upya kwao. Muziki huo anauita saikedeliki. Jana sikulijua neno hilo, leo mimi ni mtaalamu. Anayoililia zaidi ni santuri pekee ya Mkondoa Ngoma Jazz. Atakayemletea kabla hajaondoka Jumamosi atakuwa wakala wake mkoa mzima. Magomeni yote ya huku kwetu nimeshaiambia kuwa ni mimi.

Jumanne, 6 Julai
Nimekwenda Chanzuru kwa Mama Paulina, mjane wa mpiga gitaa wa bendi hiyo, ili aniuzie santuri. Shikamoo yangu ilikuwa ndefu na laini. Akaitikia marahaba, kisha akasema mumewe hauzwi. Na hana hata gramafoni ya kuipigia! Ninayo mimi, ya marehemu baba. Nikamweleza kuwa santuri bila gramafoni ni sahani tu. Akanionyesha njia. Mlangoni nikapishana na Melkizedek, muuza kaseti wa Magomeni, kabeba sukari kilo mbili. Mtu mwenye tamaa mbaya sana.

Jumatano, 7 Julai
Nimewaza mpaka ugali umeungua. Mimi Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge. Mama Paulina Msagara. Watani! Kesho nyumbani kwake wanamaliza matanga ya shemeji yake. Msibani mtani huchukua atakacho, na mwenye mali haruhusiwi kununa. Akili ninayo, jamani.

Alhamisi, 8 Julai
Ushindi. Nimevaa suruali ya marehemu kichwani. Nimelala mlangoni nikidai sahani ya pili ya pilau. Wafiwa wenyewe wamecheka. Kisha nikaingia ndani, nikatoka na santuri kwapani. Mama Paulina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Melkizedek, ambaye hana mtani hata mmoja Chanzuru, alibaki ameshika soda yake.

Ijumaa, 9 Julai
Sijanawa hata uso, Mama Paulina na wifi zake watatu hao ndani. Wamesema wamekuja kumzika Mnyamwezi aliye hai. Sikuwa nimefikiria kwamba na mimi ni mtani wao. Wameondoka na gramafoni, shati la kwendea Mikumi na kuku wangu wa pekee. Santuri tu hawakuiona, nilikuwa nimeificha. Kununa hairuhusiwi. Majirani walikuwa wanatazama, kwa hiyo nimecheka kwa meno yote.

Jumamosi, 10 Julai
Mholanzi aliigeuza santuri pande zote mbili. Akataka kuisikia kwanza. Hotelini hakuna gramafoni. Ikabidi nimpeleke Chanzuru, kwa gari lake, mimi nikiwa na shati la mdogo wangu.

Melkizedek tulimkuta pale, ameifuata gramafoni na redio kaseti na nyaya zake. Mama Paulina akaiweka santuri mwenyewe. Ngoma zikaanza, gitaa likaingia likizungukazunguka kama nyuki aliyefungiwa chumbani. Mama Paulina akasema polepole kwamba hapo ndipo mumewe alipokuwa akifumba macho. Hakuwa ameisikia tangu azikwe. Hata mimi nilisahau uwakala, nasema kweli.

Akakubali irekodiwe pale pale na ichapwe upya, jina la mumewe liwe kwenye jalada. Santuri yenyewe haiondoki. Mholanzi alipouliza wakala awe nani, nilikohoa. Mama Paulina akasema wakala ni yeye, na msaidizi wake Melkizedek, kwa kuwa ndiye aliyekuja na nyaya za kurekodia. Nikaomba basi gramafoni yangu. Akasema nitaichukua siku akifa, kama mila inavyotaka.

Jumapili, 11 Julai
Melkizedek amepita na shati jipya, akanipa pole. Nimeshaliona kosa langu: santuri moja ni kidogo mno. Lumuma kuna mzee ana sanduku zima. Mgogo, tena mtani wangu! Nimetuma mtu akamjulie hali. Jibu limerudi jioni: mzee ni mzima wa afya, kutwa yuko shambani analima. Habari za kusikitisha, lakini mimi ni mvumilivu.