Picha za Kumuaga Mama Mkwe

Leo sina pa kuuficha uso. Naandika nikiwa stendi ya Ipogolo, hapa Iringa, nasubiri basi la kunirudisha Mbeya. Kondakta akikubali, nitasafiri ndani ya buti.

Mama wa mchumba wangu Vumilia amecheza netiboli timu ya akina mama wa kanisani kwao tangu Vumilia hajazaliwa. Sasa goti limegoma. Leo ilikuwa mechi ya kumuaga. Wiki iliyopita alinipigia mwenyewe: "Baba, wewe si mpiga picha? Naomba moja tu, nimeruka nafunga. Nitaiweka sebuleni."

Nikajibu kwa mbwembwe: "Mama, hiyo niachie mimi!" (Mdomo huu! Ningejua, ningeushona.)

Kamera yangu iko kwa fundi. Nikaazima ya jirani yangu Anyosisye, ya kampuni nyingine kabisa. (Majina nayahifadhi, sitaki kesi.) Akanionya: "Betri imechoka. Zima kioo cha nyuma, chungulia kwenye tundu tu." Alitaka kunielekeza na mengine, nikamkatisha. Kamera ni kamera bwana!

Uwanja wa nje ulikuwa tope tupu, wakahamia ukumbi wa kanisa. Giza! Taa zenyewe za kuhesabu, moja inapepesa. Nikachungulia kipimo cha mwanga, mshale uko kulia. Kwenye kamera yangu, kulia maana yake mwanga umezidi. Umezidi humu? Nikajisemea, aisee, kumbe kamera hii inaona mpaka gizani. Nikapunguza mwanga. Mshale ukazidi kwenda kulia. Nikapunguza tena. (Ndiyo, nimesomea. Msiniulize chuo.)

Mama akaruka, akafunga. Vigelegele! Nikabonyeza. Akafunga tena, nikabonyeza. Na mimi Mnyakyusa niliyefundwa kwamba mkwe ni wa kumheshimu kwa mbali, leo namlenga akiwa na kisketi cha michezo. Jasho lilinitoka jamani.

Mara mtu akafungua mlango mkubwa, jua likaingia ukumbi mzima. Sekunde hiyohiyo Mama akateleza kwenye sakafu ya terazo. Miguu juu! Kidole changu, kwa mazoea tu, kikabonyeza.

Alhamdu, hakuumia. Mechi ikaisha, tukakaa kula. Kabla sijazikagua picha, katibu wa akina mama akaninyang'anya kadi ya kamera. "Lete tuzione wote!" Akaichomeka kwenye kompyuta, projekta ikawaka ukutani.

Picha ya kwanza, nyeusi. Ya pili, nyeusi. Ya tatu, masizi ya sufuria.

"Bado zinafunguka?" akauliza baba yake Vumilia.

"Zi... zinafunguka, baba."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye kamera ya Anyosisye, mshale ukienda kulia mwanga umepungua! Mechi nzima nilikuwa naongeza giza.

Kisha moja ikafunguka kweli. Safi, kali, mpaka vitone vya jasho unavihesabu. Mama mkwe kalala chali, miguu inaelekea darini, kajaa ukuta mzima. Bibi mmoja akasema, "Mwe!"

Baba mkwe akaweka kijiko chini taratibu. "Kijana. Umetoka Mbeya yote hiyo kuja kupiga hii?"

Mama mkwe akainuka, akachechemea hadi kwenye projekta, akaifunika na kitenge chake. Mimi nikachomoa kadi, nikatoka bila kuaga mtu.

Sasa hivi Vumilia kaniandikia: "Mama analia."

Nikamjibu haraka: "Mwambie ile ya kuanguka nimeshaifuta!"

Akaandika: "Hiyo kaicheka mwenyewe. Analilia zile alizofunga."

Haya, chekeni. Mkimaliza, anayejua mechi ya kuaga inavyorudiwa aniambie.