Golikipa Anayekwepa Mpira

Jamani, leo nimeaibika mbele ya shule mbili kwa mpigo. Naandika kwa simu ya dada kabla hajatoka kuoga.

Mnamjua Mwanaidi, shoga yangu wa hapa Sofu. Tangu darasa la pili mimi na yeye ni rede tu. (Wawili wanarusha mpira, wewe upo katikati unakwepa, ukiguswa umetoka. Mimi siguswi. Mtaa mzima unajua.) Tulipoingia kidato cha kwanza akajiunga na timu ya mpira wa mikono, akapata marafiki warefu, na rede ikawa "mambo ya watoto." Mapumziko anakaa nao. Mimi nakula mihogo peke yangu. Imeniuma sana, sitaki kudanganya.

Basi nikaomba namba kwenye timu. Mpira wenyewe siupendi. Nilimtaka shoga yangu.

Mwalimu akanitazama juu mpaka chini. "Wewe mwepesi. Kaa golini."

Mazoezi nilifanya mara moja, tena tulikimbia tu. Leo wakaja wageni, wasichana wa Marui, kule Kisarawe. (Wana mikono hao!)

Mpira wa kwanza ukaja usawa wa sikio. Nikainama. Safi kabisa! Goli.

Mwanaidi akaja mbio. "Hukuuona?"

"Niliuona."

"Sasa?"

"Nikaukwepa."

Akarudi kwa warefu wake.

Wa pili ukaja chini. Nikaruka, ukapita chini ya miguu. Goli tena. Warefu wakaanza kunong'ona huku wananiangalia. Hapo nikajua nikiharibu mara nyingine, timu sina, na Mwanaidi ndiyo basi tena.

Ikaja penati. Mwalimu anapiga kelele, "Simama hapohapo! Usihame!" Nikajiapiza: hata ukinipiga puani, sihami. Msichana wa Marui akavuta mkono, akanilenga tumboni kabisa.

Kiuno kikahama chenyewe. Mpira ukapita ubavuni, nyavu zikatikisika. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukapaza sauti: "Hujanipata!" Nikacheza na kiduku kidogo, mikono juu.

Hata mama muuza barafu alisimama kutazama. Halafu watu wakaangua kicheko, shule zote mbili. Mwanaidi alikaa chini mchangani, anacheka mpaka machozi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tumefungwa, msiniulize ngapi. Nikaenda kujificha nyuma ya goli, nafungua viatu, nimeshaanza kulia. Yule msichana wa Marui akanifuata.

"We, unacheza rede?"

"Nilikuwa nacheza."

"Sisi kwetu tunacheza mpaka leo. Simama katikati nikutoe."

"Na upande wa pili nani?"

"Mimi." Alikuwa Mwanaidi, kashakunja mikono ya tisheti. "Nimeimisi rede, bwana. Na wewe pia nimekumisi."

Wakarusha mpaka gari la wageni likapiga honi. Hawakunipata. Wale warefu nao wakaja wakapanga foleni wakisubiri zamu. Mwalimu kasema kuanzia kesho nacheza mbele, golini asinione tena. Mwanaidi kanisindikiza hadi mlangoni, na mihogo ya kesho kasema tutakula wote.

Sasa naomba msinicheke. Anayetaka kucheka aje Sofu na mpira wake, anipate kwanza.